Shajara ya pwani ya mafundi, Matondoni: chokaa, chelezo na mkuku mpya

Shajara hii naiandika kwa ajili ya wenzetu wa Kizingitini, Pangani, Nungwi na pwani nyingine yoyote iliyozoea mlio wa tezo (shoka dogo la kuchongea mbao) na sasa imenyamaza. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha watu wa Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu. Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na milango yake na vibaraza vyake vinajulikana kote. Matondoni haimo ndani ya mpaka ule. Lakini mashua zinazopita mbele ya mji huo, nyingi zimeundwa na mikono ya huku.

Gharama zote ni kwa shilingi za Kenya. Kazi iliyokwenda sawa nitaipitia kwa maneno machache. Iliyoharibika nitaieleza kirefu, maana huko ndiko zilikokwenda pesa na huko ndiko tulikojifunza.

14 Agosti 2023. Hali tuliyoikuta

Leo tumeitembea pwani yote maji yakiwa yamepwa: mwenyekiti, mimi na Ami. Ami ni ndugu wa marehemu baba, fundi wa vyombo tangu alipokuwa kijana wa kushikishwa keekee ya kutobolea mbao. Tumekuta vyombo vitatu mchangani. Kimoja kinakalafatiwa, yaani kinazibwa mianya yake kwa pamba, na fundi na mwanawe. Cha pili kimesimama kwa kukosa mbao. Cha tatu ni mashua iliyotupwa zamani: mbao zake nyingi zimeng'olewa kwa kuni, yamebaki mkuku (mti mkuu wa chini wa chombo), mafashini (miti ya ncha zake) na mataruma (mbavu zake), na mbuzi wamefanya zizi humo. Ami aliligonga taruma moja kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. "Hili mlilana, mkoko wa mataruma, nalikata mwenyewe. Bado lina sauti."

Sababu za kuzorota tunazijua. Majahazi yalikuwa yakishiba kwa biashara ya boriti za mikoko kwenda Ghuba, na mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza mikoko nje ya nchi. Malori yakachukua mizigo ya Mombasa. Wavuvi wakahamia maboti ya faiba na mashine. Kisha Februari 2018 ukataji miti ukasimamishwa nchi nzima, na ingawa zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, fundi wa Lamu akawa hana pa kukata taruma. Mwezi uliopita Rais ametangaza kuondoa marufuku hiyo. Vijana waliokuwa wakijifunza walikwishanunua bodaboda zamani.

Kikao cha jioni kimeamua tuanze na mambo mawili: kusimika upya banda la makuti la mafundi, na kuliokoa ghala la mawe lililo nyuma yake, ambalo zamani lilikuwa likiwekwa kamba, matanga na misumari. Michango ya wanakijiji, pamoja na ya vijana wetu walioko Mombasa na Ghuba, imefika 310,000.

2 Oktoba 2023. Banda limesimama

Boriti na mazio (miti myembamba kuliko boriti) tumenunua kwa korija, yaani ishirini ishirini, 41,000. Makuti 1,400 kwa shilingi 20 ni 28,000. Ufundi 22,000. Jumla 91,000, siku tisa za kazi, kabla mvua za vuli hazijaanza. Hapa hakukuwa na tatizo.

Ghala nalo tumelipiga plasta ya saruji ndani na nje. Mifuko 12 kwa 950 ni 11,400, mchanga na ufundi 29,600, jumla 41,000. Kuta zimenyooka, zinapendeza. Picha tumewatumia waliochanga.

9 Desemba 2023. Saruji imeliumiza ghala

Mvua za El Niño zimetuonyesha tulichofanya. Wiki ya pili ya Novemba plasta ya upande wa baharini ilianza kuvimba kama ngozi iliyoungua. Ukiigonga inatoa mlio wa kitu kitupu. Chini, kiasi cha dhiraa moja kutoka ardhini, kumetoka unga mweupe wa chumvi. Nilidhani ni rangi inayobanduka. Nikatia ukucha, kipande cha ukubwa wa sahani kikaanguka, na nyuma yake kikashika uso wa jiwe lenyewe la matumbawe. Jiwe lililostahimili vizazi vya mvua limechunika kwa wiki sita, na waliolichunua ni sisi.

Tumemleta fundi wa mjini aliyezeekea kwenye nyumba za mawe, akatueleza bila kutulaumu. Jiwe la matumbawe linanyonya maji kutoka chini na kutoka hewani, na maji ya hapa yana chumvi. Likipakwa chokaa, unyevu unapanda na kutokea ukutani, ukuta unakauka. Likifunikwa saruji, unyevu unakosa pa kutokea. Chumvi inaganda nyuma ya plasta, inakua, na inasukuma. Plasta ikianguka huanguka na jiwe lake.

Kuibandua saruji kumegharimu 18,000, na kazi yenyewe ilitaka subira ya mtu anayemtoa mtoto mwiba: patasi ndogo, nyundo nyepesi, kuanzia palipovimba kwenda palipoganda. Palipogoma tumepaacha. Fundi alisema mahali ambapo saruji imeng'ang'ania, kuing'oa ni kuumiza mara ya pili.

Kisha chokaa. Kwa atakayetuiga, tumefanya hivi. Chokaa ya kuoka imeroweshwa kwenye shimo wiki tatu, ikifunikwa kwa magunia mabichi. Imechanganywa kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga uliooshwa kwa maji ya kisima, kwa sababu mchanga wa pwani una chumvi. Imepakwa tabaka nyembamba tatu, na kati ya tabaka na tabaka ukuta unanyunyiziwa maji asubuhi na jioni ili usikauke kwa pupa ukapasuka. Chokaa 27,000, ufundi 36,000. Ukizijumlisha zote, kuta za ghala zimekula 122,000, na karibu nusu yake ni malipo ya kosa letu.

17 Februari 2024. Banda zuri lisilo na kazi

Tumekuwa na banda jipya kwa miezi minne. Wageni wamekuja kwa mashua kutoka mjini na Shela, wamepiga picha, wamenunua mkeka mmoja mmoja, wamerudi. Chini ya banda hakujaundwa kitu. Fundi yule na mwanawe wanaendelea kufanya kazi pale walipokuwa, chini ya mkungu, hatua mia kutoka bandani.

Nilimuuliza Ami mbona mafundi hawalitumii. Akaniuliza yeye: "Chombo kitafikaje huko?" Kati ya banda na maji kuna tope la magoti, na mteremko umeliwa na mawimbi. Sisi tulijenga paa juu ya mahali ambapo chombo hakiwezi kupanda.

Wiki hii nimewazungukia manahodha kumi na wawili wa Matondoni, Kipungani na mjini, kuwauliza wanapotengeneza vyombo vyao na kwa nini. Jibu la karibu wote ni moja. Hawahitaji kuundiwa chombo kipya kila mwaka. Wanahitaji mahali pa kupandisha kilichopo wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), wakichome tumbo kwa makuti makavu kuua wadudu watoboao mbao, wakikalafati, wakipake deheni (shahamu iliyochanganywa na chokaa), wakirudishe majini bamvua inayofuata. Wanataka chelezo. Fundi wa vyombo hula kwa matengenezo. Jahazi jipya ni sikukuu. Hilo kila mtoto wa fundi analijua, na mimi ni mtoto wa ukoo huo, lakini nilipokaa na kalamu niliwaza jengo.

Kwa hiyo mpango umegeuzwa. Chelezo kwanza.

Ghala limepata wenyewe pia. Kina mama wanaosuka mikeka wameliomba: kuta za chokaa zimekauka, ndani kuna baridi, ukili wao wa kusukia haukauki ukavunjika. Wanaanza Aprili, watalipa 2,000 kwa mwezi. Sisi tulitaka kuweka humo meza za vitu vya kale, na vitu hivyo tunavyo: keekee tatu, macho ya mti ya omo (sehemu ya mbele) ya mashua, kapi za zamani. Mmoja wa kina mama akasema vitundikwe ukutani juu ya vichwa vyao, watakaokuja kuviona wataviona pamoja na watu. Ndivyo tutakavyofanya.

27 Aprili 2024. Chelezo, na nguzo iliyong'oka

Magogo 14 ya mvinje kwa 1,500 ni 21,000. Winchi ya mkono iliyokwishatumika, kutoka Mombasa, 48,000. Kamba 9,500. Jumla 78,500. Tope limeondolewa kwa karai na wanakijiji kwa siku tano, bila malipo ila uji na mahamri. Magogo yamelazwa kama ngazi kutoka alama ya maji kupwa hadi mbele ya banda, yakapakwa shahamu.

Tarehe 25, kwenye bamvua ya mwezi mpevu, tukapandisha chombo cha kwanza. Winchi tulikuwa tumeifunga kwenye nguzo ya mkoko iliyochimbiwa futi tatu. Mashua ilipofika gogo la tano nguzo ikainama, mchanga ukafunguka, ikang'oka nzima na winchi yake ikaruka kuelekea baharini. Mashua ikarudi nyuma magogo matatu, ikakaa kwa ubavu. Kijana mmoja alikuwa amesimama kwenye mstari wa kamba dakika moja kabla, akaitwa kushika ubao. Namshukuru Mungu kila nikiikumbuka dakika ile.

Tumerekebisha hivi: gogo la mvinje la urefu wa dhiraa nne limezikwa likiwa limelala, limekingama na mvuto wa kamba, kina cha futi tano, juu yake mawe na mchanga ulioshindiliwa. Nguzo iliyosimama hushikwa na mchanga wa mbele yake tu. Gogo lililolazwa hushikwa na mchanga wote uliolikabili. Gharama 7,500. Tumeweka na sharti: kamba ikiwa na mvuto, hakuna mtu kusimama kwenye mstari wake wala kuiruka. Sharti limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye nguzo ya banda, na mtoto wa miaka minane anaweza kumfukuza mzee akiliona limevunjwa.

13 Julai 2024. Mbao mbichi

Mwenye ile mashua ya mbuzi amekubali tuifufue. Atalipa kidogo kidogo, na ametanguliza 60,000. Mkuku na mataruma mengi ni mazima. Mataruma manne yaliyooza yamebadilishwa na Ami mwenyewe, na nilikwenda naye mikokoni kwa mtumbwi, tukiwa na kibali. Taruma halikunjwi; hutafutwa likiwa limekwishapinda. Ami hakuchukua kipimo chochote. Kabla ya kuondoka alipitisha kiganja ndani ya ubavu wa mashua, mara tatu, taratibu, kama mtu anayempapasa mnyama. Mikokoni alipita milalana mingi bila kusimama, kisha akashika tawi moja akapitisha kiganja kile kile. Tulipolirudisha na kuliweka mahali pake, kati yake na mkuku hapakupita jani la ukindu.

Mbao ndizo zilizotuponza. Mei tulinunua mbambakofi kutoka bara, mbao 42 kwa 2,800, usafiri 14,000, jumla 131,600. Muuzaji alisema zimekaa. Ami alizinusa, akasema hazijakaa. Mimi ndiye niliyeshika pesa, na nilikuwa na haraka ya kuwaonyesha wachangaji kitu, nikanunua. Mbao tisa za kwanza zikapigwa mwisho wa Mei. Pepo za kusi zikavuma mwezi mzima, na sasa mianya kati ya mbao na mbao inapitisha kidole changu kidogo. Chombo cha mbao huvimba kikiingia majini na mianya midogo hujifunga, lakini pamba ya kalafati haiwezi kushika pengo kama hili. Itang'oka na chombo kitajaa.

Tumezitoa zote tisa, moja moja, misumari ikinyooshwa upya. Mbao zote sasa zimepangwa kivulini bandani, vijiti vikiwa katikati ili upepo upite, ncha zake zimepakwa deheni ili zisipasuke, na kila wiki mbili zinageuzwa. Kumi zilikuwa zimepinda kupita kiasi, tumewauzia maseremala wa milango kwa 2,200 kila moja, hasara ya 6,000. Banda ambalo halikuwa na kazi limepata kazi yake ya kwanza ya maana: kukausha mbao. Tokea leo mbao hazinunuliwi bila Ami kusema ndiyo.

18 Agosti 2024. Wanafunzi, na maneno ya Ami

Aprili walijiandikisha vijana sita. Juni walibaki wawili. Sikuwalaumu. Zamani mwanafunzi alikuwa mtoto wa fundi au mpwa wake, akila nyumbani kwa fundi na kujengewa maisha taratibu. Leo kijana ana simu ya kujaza salio na mama wa kusaidia, na bodaboda inampa pesa jioni hiyo hiyo. Tulipokuwa tukiwaambia wanatunza urithi, tulikuwa tunawaomba waufadhili wao.

Kuanzia Julai kila mwanafunzi analipwa 400 kwa siku, siku tano kwa wiki. Wako watatu, mmoja amerudi mwenyewe. Ni 24,000 kwa mwezi, gharama kubwa kuliko zote tulizonazo, na katika kila shilingi tuliyotoa tangu tuanze, hizi ndizo ninazozitoa kwa moyo mweupe.

Jambo la pili ni kuandika anayoyajua Ami. Mwanzo tulimpiga video kwa simu, saa nyingi. Tulipokaa kuzitazama tukaona mikono, hatukuona sababu. Kwa nini tezo imegeuzwa pale? Kwa nini ubao huu umekataliwa? Video haikusema, na Ami mwenyewe akitazama alisahau. Sasa tunafanya tofauti. Mwanafunzi akimaliza hatua anamweleza Ami alichokifanya kwa maneno, Ami anamsahihisha, na hapo ndipo tunaporekodi. Katika kusahihisha hutoka yale yaliyofichika: kwamba upana wa ubao wa kwanza juu ya mkuku hupimwa kwa shibiri ya mwenye kuunda, si ya mwenye chombo, kwamba misumari ya omo huviringishwa pamba iliyorowa mafuta kabla ya kupigwa, kwamba neno *wanda* ni upana wa kidole, na fundi akisema "ongeza wanda" hutazama kidole chake, hatafuti rula.

Daftari la maneno sasa lina maneno 214. Ninalitunza kwa hofu, kwa sababu ya mtepe. Chombo kile kilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja na kikavuka bahari kwa tanga la mkeka, na visiwa hivi ndiko kulikokuwa kwao. Uundaji wake ulikoma kabla ya katikati ya karne iliyopita. Ulipotakiwa mtepe mwingine Unguja mwaka 2003, ilibidi mafundi watazame mifano midogo na picha, kwa kuwa hakuna aliye hai aliyewahi kuushona. Ami alimsikia babu yake akitaja sehemu za mtepe. Anakumbuka maneno matano. Kwa mawili kati ya hayo hajui tena ni sehemu gani.

11 Septemba 2024. Mashua haikushuka

Jana mashua ilikuwa ishuliwe. Tarehe ilichaguliwa na sisi viongozi ili kumwafiki mgeni wa heshima aliyekuwa na nafasi siku hiyo tu. Turubai, viti, chakula na usafiri: 23,000. Mgeni akafika, dua ikasomwa, hotuba zikasemwa, kamba zikavutwa. Mashua ikateleza magogo sita, mkuku ukagusa tope, ikasimama. Maji yalikuja yakaishia hatua kumi na tano kutoka kwake, yakasita, yakaanza kurudi.

Ilikuwa mwezi sita Mfungo Sita, yaani siku ya sita ya mwezi wa Rabiul Awwal. Maji mafu, bahari haijai sana. Kila mvuvi aliyekuwa pale alijua, na watoto walijua. Ami alikuwa amekaa kwenye gogo nyuma ya umati. Baadaye nilimfuata nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Mwanangu, mulikuja na tarehe. Hamukuja na swali."

Sikulala. Kikundi chetu kilianzishwa ili elimu ya watu hawa isipotee, na siku ya kwanza ya kuihitaji hatukuiuliza. Leo tumeandika katika kanuni za kikundi: tarehe ya kupandisha au kushua chombo hutajwa na mafundi, kwa hesabu ya mwezi, na mgeni yeyote ataarifiwa baada ya hapo.

20 Septemba 2024. Imeshuka

Jana, mwezi kumi na tano Mfungo Sita, baada ya sala ya alfajiri. Bamvua ya jana ni katika zile kubwa za mwaka. Maji yalipanda hadi kwenye gogo la pili kutoka juu. Hapakuwa na viti. Palikuwa na kahawa, halua, ubani, na watu labda sitini wakivuta na kuitikia. Mashua iliondoka yenyewe kabla kamba haijakaza.

Ilipiga maji siku nzima, kama tulivyotarajia, na tuliiacha ivimbe huku vijana wakikumba kwa zamu. Jioni maji yalipungua. Leo asubuhi ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, mna kiasi cha ndoo mbili. Ami ameingia, amepapasa kila ungio kwa kiganja, ametoka na kusema kalafati ya ubavu wa kushoto karibu na tezi (nyuma ya chombo) irudiwe. Mwanafunzi aliyeikalafati hakubisha, amekwenda kuchukua pamba.

Macho ya omo yamechongwa na mwanafunzi mdogo kuliko wote: duara la mti, nyota na mwezi, nyeupe juu ya kijani. Moja liko juu kidogo kuliko jingine. Mwenye chombo amekataa lisirekebishwe.

14 Desemba 2024. Ardhi, na ramani iliyotudanganya

Mwezi wa kumi walikuja watu na utepe wa kupimia na vigingi, wakitaka viwanja vya nyumba za wageni kati ya banda na mikoko. Tulikwenda ofisi inayohusika. Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Tulidhani hilo linatutosha. Halitoshi. Mafundi hawafanyi kazi ndani ya mpaka huo ila siku ya kupandisha na kushua. Banda, mbao zinazokaushwa, gogo la winchi lililozikwa, mkungu wa yule fundi na mwanawe, vyote viko juu ya alama ya maji kujaa, ambako ulinzi huo haufiki. Chelezo linaweza kubaki la umma nusu yake na nusu ikawa ua wa mtu.

Tulichora ramani tukaipeleka. Ilionyesha banda, ghala, msikiti, kisima na nyumba. Afisa aliitazama akaweka kidole katikati. "Hapa ni patupu." Alikuwa anasoma tulichomchorea. Tulichora majengo, na pwani ya mafundi kazi yake hufanyika katikati ya majengo.

Tumechora upya, safari hii tukiwa na mafundi, kina mama na wavuvi, kwa kamba ya mita 30 na daftari. Kila mahali pameandikwa hutumika kwa nini na mwezi gani: pa kulaza mlingoti na foromali (mti wa kufungia tanga), pa kutandaza tanga likishonwa, pa kuchemshia shahamu na chokaa ya deheni, pa kuanika ukili uliotiwa rangi, njia ya punda wa mbao, mahali panapoachwa wazi ili chombo kigeuzwe. Ramani ya pili haina patupu hata hatua kumi. Kuchapisha na safari za mjini ni 9,400.

Tumeanza pia kuulizia usajili chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Barua ya majibu hatujapata. Vigingi havijaondolewa, lakini hakuna kilichojengwa, na tangu ramani ile ipokewe hakuna aliyerudi na utepe. Kwa wanaotaka kuiga: fanyeni hili kabla ya banda. Sisi tulilifanya la mwisho na limetunyima usingizi kuliko mengine yote.

8 Februari 2025. Hesabu, na kazi iliyopo

Tulizotoa hadi mwisho wa Januari: banda 91,000, ghala 122,000, chelezo na gogo lake 86,000, mbao 131,600, wanafunzi miezi saba 168,000, siku ya mgeni 23,000, ramani 9,400. Jumla 631,000. Katika hizo, 95,500 ni gharama ya makosa niliyoyaeleza.

Zilizoingia: michango ya awali 310,000 na ya awamu ya pili 260,000, mwenye mashua 60,000, mbao zilizouzwa 22,000, kodi ya kina mama 20,000, na ada ya chelezo 27,500, yaani vyombo 11 kwa 2,500. Baki 68,500. Ada na kodi bado haziwezi kuwalipa wanafunzi watatu. Kwa hesabu yangu tunahitaji vyombo sita kila bamvua, na sasa tunapata viwili. Yule fundi na mwanawe wamehamia mbele ya banda tangu Novemba, na wao ndio wanaoleta wengi.

Mbao zilizobaki zina miezi saba kivulini. Ami amezigonga moja moja wiki hii na kutenga kumi na nne. Nahodha mmoja wa Kipungani ameagiza mashua mpya ya dhiraa kumi na nane, ya kwanza kuagizwa hapa tangu tuanze. Mkuku umelazwa jana chini ya banda, kichwa kikielekea baharini. Mwanafunzi mkubwa ameushika upande wa omo, Ami upande wa tezi, wakavuta uzi kati yao na kuupaka mkaa. Ami akauinua uzi kwa vidole viwili, akauachia, mstari ukabaki juu ya mti. Akasogea pembeni, akampa kijana tezo.